Nani ashike basi, na kwa saa ya nani? Kulinganisha mbinu za kugawa basi la kompyuta

Ukiwa na prosesa moja na kumbukumbu moja, makala haya hayakuhusu. Prosesa hutaja anwani, kumbukumbu hujibu, yamekwisha. Shida huanza siku unapoongeza kifaa cha pili chenye uwezo wa kuanzisha mazungumzo: kidhibiti cha DMA kinachohamisha data bila kuipitisha kwa prosesa, kadi ya mtandao, au prosesa nyingine. Sasa vinywa ni viwili na njia ni ile ile moja: basi, yaani waya za pamoja ambazo vifaa vyote huzitumia kuzungumza. Kimoja kikisukuma waya kwenda 1 huku kingine kikiuvuta kwenda 0, data huharibika, na hali hiyo ikidumu hata chipu zenyewe huweza kuungua.

Kidhibiti cha basi kipo ili kujibu maswali mawili. La kwanza: nani ashike basi sasa? Kazi hiyo tutaiita uamuzi, na sehemu inayoifanya ni mwamuzi. La pili: kila hatua ya mazungumzo ianze lini na ithibitishwe vipi kuwa imekwisha? Huo ni upangaji wa muda. Wengi huchagua jibu la kila swali kando, kisha hushangaa mashine inapokwama mara moja kwa wiki bila sababu inayoonekana. Nitalinganisha mbinu za uamuzi kwanza, kisha mbinu za muda, halafu pale zinapokutana, kwa kuwa ndipo nilipoona watu wakiumia zaidi.

## Vipimo tutakavyotumia

Swali la kwanza ambalo mtu huuliza ni "ipi ina kasi zaidi?" Silipendi sana. Kasi ya wastani haikuambii ni lini bafa ya kifaa chako, ghala lake dogo la muda la data, itafurika na data kumwagika. Kwa hiyo kipimo changu cha kwanza ni kusubiri: hali ikiwa mbaya kabisa, kifaa kitangoja muda gani kabla ya kupata basi? Cha pili ni haki: kuna anayeweza kunyimwa kabisa? Cha tatu ni gharama ya uamuzi wenyewe, yaani muda wa basi unaopotea kwa kuamua na kukabidhiana. Cha nne ni waya: zinahitajika ngapi, na ukiongeza kifaa inakuwaje? Cha tano ni kasoro: sehemu moja ikifa, nani anakufa nayo?

Ili namba zisielee hewani, chukua basi moja la mfano. Saa yake ni 50 MHz, kwa hiyo mpigo mmoja ni nanosekunde 20. Lina vifaa vinne vinavyoweza kuanzisha mazungumzo, na kila kimoja kikipata basi huhamisha maneno 16 (vipande vya data vya ukubwa mmoja) kwa mkupuo, neno moja kwa mpigo, pamoja na mipigo miwili ya kuanza na kukabidhi. Jumla mipigo 18, sawa na nanosekunde 360.

## Mnyororo

Vifaa vyote huomba kwa waya mmoja wa pamoja. Ruhusa hutoka kwa kidhibiti na kuingia kifaa cha kwanza. Kama hakina haja, hukipitishia cha pili, cha pili humpa wa tatu, hivyo hivyo hadi ifike kwa mwenye shida, ambaye huizuia na kulishika basi. Unibus, basi la kampuni ya DEC lililotoka na kompyuta ya PDP-11 mwaka 1970, ilitumia mtindo huu. VMEbus, basi la kadi la mwaka 1981, iliuchanganya na mwamuzi wa kati: ngazi nne za maombi, na kila ngazi ina mnyororo wake.

Kusubiri. Wa kwanza kwenye mnyororo hungoja mkupuo mmoja tu unaoendelea, nanosekunde 360 kwenye mfano wetu. Wa mwisho hana kikomo. Tena ruhusa yenyewe husafiri: kila kadi ikiichelewesha nanosekunde 10, kadi ya 21 itaipata baada ya nanosekunde 200, hata kama hakuna mwingine aliyeomba.

Haki. Hakuna, isipokuwa vifaa vyenyewe viwe na adabu ya kutoomba tena hadi wenzao wapate.

Gharama. Hukua kadiri mnyororo unavyorefuka.

Waya. Hapa ndipo mnyororo unaposhinda. Idadi ya waya haibadiliki hata ukiongeza kadi kumi.

Kasoro. Niliwahi kutoa kadi moja katikati ya reki (fremu yenye nafasi za kadi) ili niipime pembeni, nikawasha mashine, na kadi zote zilizofuata zikawa bubu. Asubuhi nzima nilipima umeme kabla ya kukumbuka kwamba nafasi niliyoiacha wazi ndiyo iliyokata ruhusa. Kwenye VMEbus nafasi tupu huzibwa kwa kiunganishi kidogo nyuma ya reki. Kwenye Unibus ilikuwapo kadi maalumu ya kuendeleza ruhusa. Jambo dogo, lakini aliyebuni mashine siye atakayekuwa anaitengeneza usiku.

Mnyororo unamfaa mwenye kadi nyingi zinazoingia na kutoka, mzigo mwepesi, na nafasi ndogo ya waya.

## Mwamuzi wa kati mwenye ngazi za kudumu

Kila kifaa kina waya wake wa kuomba na waya wake wa kupewa ruhusa. Mwamuzi huyaona maombi yote kwa pamoja na kumpa aliye juu kwenye orodha. Mwenye nguvu mpishe.

Watu huicheka mbinu hii kama ya kibabe, lakini kuna kazi ambazo haki kwazo ni kosa. Kwenye IBM PC ya mwaka 1981, chipu ya DMA ya 8237 ilikuwa na njia nne, na njia namba 0, ya juu kabisa kwa kipaumbele, ilitumika kuhuisha kumbukumbu kila takribani mikrosekunde 15. Kumbukumbu za aina ile hushikilia biti kama chaji ndogo inayovuja. Usipoipitia kwa wakati, data hufutika. Huwezi kuiambia kumbukumbu isubiri zamu yake.

Kusubiri. Wa juu: nanosekunde 360 tu. Wa chini hutegemea ulafi wa walio juu. Kama vitatu vya juu kwa pamoja hutumia asilimia 60 ya muda wa basi, wa nne ataishi. Wakifika asilimia 100, hata kwa muda mfupi, hapati kitu. Hesabu hii fanya kwa mzigo wa kilele, usiifanye kwa wastani wa siku.

Haki. Haimo ndani ya mbinu yenyewe. Huletwa kwa kuwawekea wa juu kikomo.

Gharama. Ndogo sana, kwa sababu uamuzi wa mkupuo ujao unaweza kufanyika wakati mkupuo wa sasa ukiendelea. PCI, basi la kadi za kompyuta binafsi, ilifanya hivyo: uamuzi haukuchukua mpigo wowote wa ziada basi lilipokuwa na kazi. Kinachobaki ni mpigo mmoja mtupu wa kukabidhiana, ili aliyeachia waya na aliyeushika wasigongane.

Waya. Jozi moja kwa kila kifaa. Mwamuzi aliyejengwa kwa vifaa vinne hakui. Cha tano kinahitaji mwamuzi mwingine.

Kasoro. Kifaa kikifa kimya, wengine hawajui. Kikifa huku kimeng'ang'ania waya wa kuomba na kipo juu ya orodha, kimewanyima wote. Mwamuzi mzuri hukihesabia: umepewa ruhusa, mipigo 16 imepita hujaanza, ondoka kwenye orodha. Mwamuzi akifa, mashine imekufa.

## Mwamuzi wa kati wa zamu

Waya ni zile zile. Kinachobadilika ni sheria ndani ya mwamuzi. Aliyemaliza kutumia basi huenda nyuma ya foleni. Ile 8237 iliweza zote mbili, ngazi za kudumu au za kuzunguka, kwa kubadili biti moja ya amri. Kiwango cha PCI, kilichotoka mwaka 1992, hakikulazimisha kanuni maalumu. Kilidai tu mwamuzi awe wa haki, kila anayeomba afikiwe.

Kusubiri. Uliyemaliza sasa hivi utapisha wengine watatu: mara tatu 360, nanosekunde 1080. Kikomo hiki ni cha kila mtu, na ndiyo zawadi kubwa ya zamu. Kwa mfano, kifaa chenye bafa ya baiti 128 kinapokea data baiti milioni 20 kwa sekunde na huomba basi bafa ikifika nusu. Baiti 64 zilizobaki zitajaa baada ya mikrosekunde 3.2. Kungoja mikrosekunde 1.08 hakumdhuru, na unaweza kulala.

Haki. Hapa pana mtego ambao nimeuona ukimnasa hata mtu mzoefu. Zamu hugawa nafasi, haigawi muda. Kifaa kimoja kikibadilishiwa programu kikaanza kuhamisha maneno 64 badala ya 16, zamu yake sasa ni mipigo 66, nanosekunde 1320. Kungoja kwa wengine kumeruka kutoka 1080 hadi 2040, ilhali mwamuzi hajaguswa na haki yake kwenye karatasi ni ile ile. Dawa ni kuweka kikomo cha muda kwa kila zamu. PCI ilikuwa na kihesabio cha namna hiyo ndani ya kila kifaa kinachoanzisha mazungumzo: mipigo ikiisha na ruhusa imekwisha kuondolewa, kifaa sharti kikate na kuachia.

Mtego wa pili ni kufuli. Prosesa ikisoma neno, ikalibadilisha na kuliandika bila kuruhusu mwingine aingie kati, zamu yake imerefuka. Iingize kwenye hesabu.

Gharama, waya na kasoro ni kama vya mwamuzi wa ngazi, isipokuwa kifaa king'ang'anizi hapa hakiwezi kuwanyima wenzake. Hupoteza zamu yake tu.

Mara nyingi jibu la busara ni mchanganyiko: kifaa kimoja au viwili visivyovumilia huwekwa juu, waliobaki huzunguka zamu chini yao.

## Ratiba

Hakuna anayeomba. Muda umekatwa vipande, na kila kifaa kina kipande chake, awe na la kusema au asiwe nalo. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Kwenye ratiba, asiyekuwepo lake lipo na hakuna mwingine wa kulichukua.

Kusubiri. Vipande vinne vya nanosekunde 360 hufanya mzunguko wa 1440. Ukikosa mwanzo wa kipande chako kwa nukta, utangoja karibu mzunguko mzima. Tena utangoja hivyo hata kama basi zima ni tupu, na wastani wa kungoja ni karibu nusu ya mzunguko, 720. Kwa upande wa wastani, ratiba inashindwa na zote. Ila namba hizo hazibadiliki kamwe, mzigo uwe mwepesi au mzito.

Haki. Umeiandika mwenyewe kwenye jedwali.

Gharama. Vipande vitupu. Mfumo wenye kazi za ghafla, leo nyingi kesho hakuna, utapoteza sehemu kubwa ya basi.

Waya. Hakuna waya za maombi kabisa, lakini wote sharti wakubaliane sasa ni kipande gani.

Kasoro. Kifaa kinachoropoka nje ya kipande chake huharibu cha jirani, kwa hiyo mifumo makini huweka mlinzi wa nje anayefunga mdomo wa kifaa muda usipokuwa wake.

Ndugu wa karibu wa ratiba ni kuuliza mmojammoja. MIL-STD-1553B, kiwango cha mwaka 1978 cha mawasiliano ndani ya ndege, kina kidhibiti kimoja kinachoamuru na hadi vituo 31 vinavyojibu, kwa kasi ya megabiti 1 kwa sekunde. Hakuna kituo kinachosema bila kuulizwa, na kinachoulizwa sharti kianze kujibu ndani ya mikrosekunde 12. Kisipojibu, kidhibiti hujua papo hapo kuna tatizo, na hiyo ni faida ambayo mbinu nyingine haziitoi bure. Kidhibiti kikifa, wote huwa bubu. Ndiyo maana huwekwa cha akiba.

## Vifaa kujiamulia vyenyewe

Hapa hakuna mwamuzi. Ujanja upo kwenye umeme: waya umevutwa juu kwa rezista, na kifaa chochote kinaweza kuuvuta chini. Akitokea hata mmoja wa kuandika 0, waya ni 0. Kila mmoja husikiliza waya anaoandikia. Akiandika 1 akasikia 0, anajua kuna mwenye nguvu kuliko yeye, ananyamaza. Aliyeshinda hata hajui kulikuwa na ushindani, ujumbe wake umeendelea bila biti moja kuharibika. Mimi binafsi huiona kuwa mbinu nzuri kuliko zote kwa kuitazama, ingawa uzuri wa kutazama si kigezo.

CAN, basi la vifaa vya ndani ya gari la kampuni ya Bosch, lililotangazwa mwaka 1986, hufanya uamuzi huu kwa utambulisho wa biti 11 au 29 ulio mwanzoni mwa ujumbe: namba ndogo hushinda. I2C, basi la waya mbili la kuunganisha chipu, hutumia kanuni hiyo hiyo kwenye waya wa data. SCSI ya zamani, basi la kuunganisha diski na kompyuta, ilikuwa na namna yake: kila kifaa kiliwasha waya wa data wenye namba yake, kikasubiri (mikrosekunde 2.4 kwenye SCSI-2), kisha kikatazama kama kuna namba ya juu yake. Kwenye basi la vifaa nane, 7 ndiyo ilikuwa ya juu kabisa.

Kusubiri. Kwa ujumbe wa juu kwenye CAN, ni ujumbe mmoja unaoendelea: ujumbe wa utambulisho wa biti 11 na baiti 8 za data hufika takribani biti 135 ukihesabu biti za kujaziwa (za ziada, zinazosaidia wapokeaji kufuata mwendo wa biti), yaani mikrosekunde 135 kwenye megabiti 1. Kwa ujumbe wa chini, ni yale yale ya ngazi za kudumu.

Haki. Hakuna, ila kumbuka kwamba CAN huupa kipaumbele ujumbe. Kifaa kimoja kinaweza kuwa na ujumbe wa juu na wa chini.

Gharama. Hulipwa kwa urefu na kasi. Ili mtu wa mwisho wa waya asikike kabla biti haijaisha, ishara sharti iende na kurudi ndani ya biti moja. Ndiyo maana CAN ya megabiti 1 huishia karibu mita 40, na ukitaka mita 500 unashuka hadi kilobiti 125.

Waya. Chache kuliko zote. Kuongeza kifaa ni kukiunganisha tu, mradi namba zisigongane.

Kasoro. Hakuna mwamuzi wa kufa. Ila anayeng'ang'ania 0 humziba kila mtu. CAN ina vihesabio vya makosa vinavyomfanya mkosaji ajitoe mwenyewe kwenye basi. I2C haina, na anayeitumia amewahi kukuta waya wa data umevutwa chini hadi azime umeme.

## Upande wa muda

Mwenye basi amepatikana. Sasa anawekaje data, na mwenzake anajuaje imetulia?

Saa moja kwa wote. Ukingo wa saa ukipanda, kila mtu husoma. Ni rahisi kubuni, rahisi kupima, na kasi ni ya juu kwa sababu hakuna kuulizana. Lakini kila kitu sharti kiingie ndani ya mpigo. PCI ya 33 MHz ina nanosekunde 30, na zimegawanywa hivi: 11 za chipu kutoa data, 10 za ishara kusafiri na kutulia, 7 za mpokeaji kuiona kabla ya ukingo, na 2 za tofauti ya saa kati ya kadi na kadi. Hakuna hata moja ya akiba. Walipokwenda 66 MHz mgawo ukawa 6, 5, 3 na 1. Muda wa kusafiri umepungua nusu, kwa hiyo basi likafupika na nafasi za kadi zikapungua. Anayekuuzia kasi bila kukutajia urefu wa waya amekuficha nusu ya habari.

Kuitikiana. Hakuna saa ya pamoja. Ni kama kupiga hodi. Kwenye Unibus, mwenye basi aliweka anwani, akangoja nanosekunde 150 (75 ili waya zote zitulie, 75 ili wapokeaji watambue anwani), kisha akapandisha ishara ya hodi. Mpokeaji akimaliza alipandisha ishara ya kuitika. Mwenye basi akashusha yake, mpokeaji naye akashusha. Safari nne za waya kwa neno moja. Prosesa ya Motorola 68000 ya mwaka 1979 ilifuata njia hiyo kwa ishara yake ya kuitika iitwayo DTACK.

Faida yake ni kwamba kila mtu huenda kwa mwendo wake. Chukua kumbukumbu ya nanosekunde 70. Kwenye basi la saa ya 20 MHz, mpigo ni 50, kwa hiyo itachukua mipigo miwili, 100, na 30 zimepotea bure kila safari. Kwenye kuitikiana itachukua 70 na safari za waya juu yake. Ukiibadilisha kwa ya nanosekunde 40, basi la kuitikiana hupata kasi siku hiyo hiyo bila kugusa chochote. Hasara: anwani isiyo na mwenyewe haiitikiwi na mtu, na mashine itasimama mlangoni milele. Sharti uweke kipima muda kinachovunja ngoja hiyo na kutoa ishara ya kosa. Usikisahau.

Katikati. Saa ipo, lakini mpokeaji anaweza kusema "ngoja". Prosesa ya 8086 ilitumia mipigo minne kwa kila safari ya basi, na waya wa READY ukiwa chini iliingiza mipigo ya kusubiri kabla ya ule wa nne. Kwenye prosesa ya 4.77 MHz, mipigo minne ni karibu nanosekunde 840. Ukiongeza mmoja wa kusubiri, 1050. PCI nayo ilikuwa hivyo, na ikaweka ukomo: mpokeaji hatakiwi kuzidisha mipigo 16 kwa data ya kwanza na 8 kwa kila inayofuata. Ukomo huo unarudi moja kwa moja kwenye uamuzi. Mpokeaji mvivu hurefusha zamu ya mwenye basi, na zamu ikirefuka, kila namba niliyoiandika juu ya kusubiri inakuwa uongo.

## Pale zinapokutana

Maombi yakitoka kwenye vifaa vyenye saa tofauti na ya mwamuzi, ipo siku ombi litafika sawasawa na ukingo wa saa yake. Sakiti inayonasa ombi hilo haisomi 0 wala 1. Huyumba katikati, na hakuna muda unaoweza kusema kwa hakika kuwa itakuwa imetulia. Hili haliondolewi, hupunguzwa: ombi hupitishwa kwenye sakiti mbili za kunasa zilizofuatana, ili ya kwanza ipate mpigo mzima wa kutulia. Kwenye basi letu la mfano hiyo ni hadi nanosekunde 40 za ziada kwa kila ombi, na mwamuzi anayeruka hatua hii hufanya kazi vizuri kwenye meza na kukwama kwa mteja.

Mnyororo ukiunganishwa na kuitikiana ndio wa kuogopwa zaidi. Kila kadi sharti iamue: ruhusa imefika, je, ombi langu lilitangulia? Ombi likizuka wakati ule ule ruhusa inapita, kadi inayoyumba inaweza kuishika ruhusa na papo hapo kuipitisha. Kadi mbili huamini zimepewa basi. Sisemi uiache; VMEbus ilitumika hivyo kwa miaka mingi. Ila uamuzi ndani ya kila kadi sasa ni sakiti ya kupimwa kama mwamuzi mwenyewe.

## Kwa hali yako

Kama unajenga ndani ya chipu au FPGA moja (chipu ambayo sakiti zake unazipanga mwenyewe), na saa ni moja: mwamuzi wa kati ndiye jibu, waya ndani ya chipu si ghali. Anza na zamu yenye kikomo cha mkupuo, kisha mtoe kwenye zamu na kumpandisha juu yule tu ambaye hesabu ya bafa inaonyesha atamwaga data. Kama basi moja halitoshi kwa mzigo wote, kubadili mwamuzi hakutasaidia. Nenda kwenye mtandao wa njia nyingi, ambako kila kumbukumbu ina mwamuzi wake na vifaa viwili vinaweza kuzungumza na kumbukumbu mbili kwa wakati mmoja.

Kama ni reki ya kadi za watengenezaji tofauti, za polepole na za kasi, zitakazobadilishwa kwa miaka: kuitikiana, mnyororo ndani ya ngazi chache, na kipima muda cha ngoja. Weka kadi zisizovumilia karibu na kidhibiti, na uandike mpangilio huo juu ya mlango wa reki.

Kama sheria au usalama unakutaka uthibitishe kwa karatasi kwamba ujumbe fulani utafika kabla ya muda fulani: ratiba au kuuliza mmojammoja, na ukubali vipande vitupu. CAN nayo huthibitishika, lakini hesabu yake ni ndefu na kila ujumbe mpya huianzisha upya.

Kama vifaa viko mbali, waya ni mbili, na ujumbe ni mfupi: vijiamulie vyenyewe. Gawa namba za utambulisho kwa kufuata nani ana muda mfupi zaidi wa kuvumilia. Usizigawe kwa kufuata nani alifika kwanza kwenye mradi, kosa ambalo huonekana mzigo ukishakuwa mkubwa na kila programu imekwisha kuandikwa kwa namba hizo.

Na kama una vifaa viwili tu, prosesa na DMA moja, usijenge chochote kati ya haya. DMA iombe, prosesa iachie ikimaliza safari yake, DMA irudishe. Waya mbili zinatosha, na 8086 yenyewe ilikuwa nazo: moja ya kuomba, moja ya kukubali.